Barabara ya Brenner Wakati wa Theluji

Kutoka mji wa Munich, kusini mwa Ujerumani, hata mji wa Bolzano katika Italia, mwendo wake ni kilomita 280 hivi. Siku za kiangazi motokaa huumaliza kwa muda wa saa tatu na kitu. Lakini katikati ya miji hiyo miwili imesimama milima ya Alps, na tangu Novemba hata Aprili milima hiyo hufunikwa na theluji. Hapo saa tatu zaweza kuwa tano, au kumi, au msafiri akalala njiani ndani ya gari lake. Tena katika mwendo huo mfupi hupita nchi tatu, yaani Ujerumani, Austria na Italia, na kila nchi ina sheria yake juu ya matairi ya motokaa wakati wa baridi. Theluji ni moja, sheria ni tatu, na anayesimamishwa na polisi hawezi kujitetea kwa kusema kwamba huko alikotoka mambo ni mengine.

Watu wa Kenya huiona theluji kwa mbali, juu ya vilele vya Mlima Kenya. Wachache wamewahi kuikanyaga, na wachache zaidi wamewahi kuendesha gari juu yake. Hata hivyo dereva yeyote aliyepita katika udongo mweusi wakati wa masika, kabla barabara haijatiwa lami, anajua nusu ya habari hii. Amekwisha kuona usukani ukigeuzwa kulia na gari likaenda kushoto, na pengine amekwisha kufunga minyororo katika magurudumu. Nusu ya pili ya habari yafaa ijulikane pia, kwa sababu madereva wa Kenya sasa wanakwenda huko. Mwaka 2024 serikali za Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mapatano ya kazi, na mwaka huo huo madereva wa mabasi kutoka Kenya walianza kazi katika mji wa Flensburg, kaskazini kabisa mwa Ujerumani. Flensburg ni mji wa pwani, hauna milima. Lakini katika mji huo huo ndiko linakowekwa daftari la serikali la makosa ya madereva wa Ujerumani nzima, na atakayekutwa barabarani penye barafu na matairi yasiyofaa, jina lake litaandikwa humo.

Jambo la kwanza ambalo mgeni hustaajabia ni kwamba matairi yake, hata yakiwa mapya kabisa, yaweza kuwa hayafai. Tairi la kiangazi limetengenezwa kwa mpira ulio mgumu kidogo, ili usiliwe upesi na lami yenye joto. Baridi inapozidi, mpira huo hukakamaa. Mafundi wa matairi wamezoea kutaja kipimo cha nyuzi 7 za sentigredi. Joto likishuka chini ya hapo, hata kama hakuna theluji, tairi la kiangazi huanza kupoteza uwezo wake wa kuishika barabara. Tairi la baridi limechanganywa kwa namna nyingine ili libaki laini katika baridi kali. Meno yake ni makubwa, na juu ya kila jino zimekatwa nyufa nyembamba nyingi, mithili ya chale. Gurudumu linapozunguka nyufa hizo hufunguka na kuibana theluji ndani yake. Mtu angedhani kwamba theluji iliyonasa katika tairi ni hasara. Kumbe ndiyo faida yenyewe. Theluji hushikana na theluji kuliko inavyoshikana na mpira, kama inavyoonekana kwa watoto wanapoifinyanga mikononi iwe tonge.

Maarifa haya si ya zamani sana. Minyororo ya magurudumu ilitangulia: Harry Weed, mtu wa jimbo la New York katika Marekani, alipata hati ya serikali kwa ajili ya minyororo yake mwaka 1904. Tairi la baridi lenyewe lilitoka Finland. Kiwanda cha nchi hiyo kilitengeneza tairi la namna hiyo kwa ajili ya malori mwaka 1934, na miaka miwili baadaye kikatengeneza la motokaa ndogo. Si ajabu kwamba lilianzia huko, maana Wafini hawakuwa na hiari: ama wapate tairi linaloweza kwenda juu ya theluji, ama magari yao yalale nusu ya mwaka.

Ni vizuri kutazama hesabu kidogo, maana wengi wanaoharibikiwa katika barabara hizi hawakukosa ujasiri, walikosa hesabu. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa juu ya lami kavu, dereva akikanyaga breki kwa nguvu, husimama katika mita 12 au 13 hivi, bila kuhesabu ule mwendo unaopita kabla mguu haujafika kwenye breki. Juu ya theluji iliyoshindiliwa, likiwa na matairi mazuri ya baridi, huhitaji mita 30 na zaidi. Likiwa na matairi ya kiangazi huhitaji mita 50, pengine na zaidi. Juu ya barafu tupu, karibu mita 100. Hizo zote ni hesabu za mahali tambarare. Sasa lichukue gari hilo hilo juu ya barafu ile ile, ulielekeze chini katika mteremko wa sita kwa mia, ambao ni mteremko wa kawaida katika milima hiyo. Hesabu inatoka mita 240. Katika mita hizo 240 patakuwa na kona, na katika kona hiyo patakuwa na gari la mtu mwingine.

Msafiri akitoka Munich huona kwanza nchi tambarare ya Bavaria, yenye mashamba na vijiji na makanisa yenye minara mfano wa kitunguu. Milima huonekana mbele kama ukuta mweupe. Katika nchi hii sheria haitaji tarehe hata moja. Haisemi tangu Novemba wala tangu Desemba. Inataja hali ya barabara. Pakiwapo barafu, au theluji iliyoshindiliwa, au theluji iliyochanganyika na maji, au sakitu, ile iunguzayo majani ya chai huko Limuru na Kericho, gari lisiendeshwe bila matairi ya baridi. Barabara ikiwa kavu mwezi wa Januari, mwenye matairi ya kiangazi hana kosa. Theluji ikianguka mwezi wa Mei, mwenye matairi hayo anayo hatia akiliondoa gari lake. Kwa hiyo sheria humwachia dereva mwenyewe kazi ya kutazama nje asubuhi na kuamua.

Wajerumani wenyewe, ambao hawapendi sana kuachiwa jambo lisilo na tarehe, wamejitungia kanuni yao ya nyumbani: tangu Oktoba hata Pasaka. Mwezi wa Oktoba ukifika, magereji ya matairi hujaa watu, na asiyeagiza siku yake mapema husubiri. Kila mtu ana seti mbili za magurudumu. Wasio na nafasi nyumbani huyaacha yale mengine katika ghala la fundi, nalo ghala hilo watu huliita hoteli ya matairi. Ndiyo kusema kwamba huko magurudumu nayo yana mahali pa kulala, na hulipiwa.

Dereva akikutwa na kosa hutozwa faini ya euro 60, na huandikiwa alama moja katika daftari lile la Flensburg. Akifikisha alama nane hunyang'anywa leseni. Tena mwenye gari aliyemwachia dereva aliendeshe katika hali hiyo hutozwa euro 75 naye akaandikiwa alama yake. Hili ni jambo la haki, maana mara nyingi dereva wa kuajiriwa hachagui matairi, huyakuta.

Na matairi yenyewe hutambulikanaje? Zamani ilitosha kuona herufi M na S ubavuni mwa tairi, maana yake tope na theluji. Lakini herufi hizo mwenye kiwanda aliweza kuzitia bila tairi kujaribiwa na mtu yeyote, na matairi mengi yaliyozibeba hayakuwa na faida kubwa katika theluji. Alama ya kweli ni picha ya mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Alama hiyo haitiwi mpaka tairi limepimwa juu ya theluji na kushinda kipimo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 sheria ya Ujerumani haikubali tena herufi M na S peke yake, inataka mlima. Anayenunua gari kuukuu huko na ainame atazame ubavuni mwa tairi kabla hajatoa fedha zake.

Karibu na mji wa Kufstein barabara huingia Austria. Milima sasa imekaribia pande zote mbili, na mto Inn hupita kando ya njia, maji yake yakiwa ya rangi ya majivu. Mpakani hapa msafiri atakumbuka kununua kibali cha kupita katika barabara kuu za Austria, na huko mbele katika njia ya Brenner atalipa tena ushuru mwingine. Hayo ni mambo ya fedha tu. Jambo kubwa ni kwamba sheria imebadilika.

Austria inataja tarehe na hali ya barabara pamoja. Tangu tarehe 1 Novemba hata tarehe 15 Aprili, barabara ikiwa na theluji au barafu, motokaa ndogo lazima iwe na matairi ya baridi katika magurudumu yote manne. Tena sheria hii inapima kina cha meno. Tairi la baridi la aina inayotumika sana siku hizi likilika mpaka meno yake yamebaki chini ya milimita 4, mbele ya sheria si tairi la baridi tena, hata kama lina alama ya mlima ubavuni. Katika Ujerumani kipimo cha chini ni milimita 1.6. Basi mtu aliyeondoka Munich akiwa ndani ya sheria aweza kuvuka mpaka akawa nje ya sheria, na tairi ni lile lile, halikubadilika. Waaustria ndio wenye akili zaidi hapa. Jino lililolika halina nyufa za kutosha za kuibana theluji, na tairi la namna hiyo ni la baridi kwa jina tu.

Kwa malori sheria ni kali zaidi. Lori lenye uzito uliozidi tani tatu na nusu haliulizwi habari za hali ya hewa. Tangu tarehe 1 Novemba hata 15 Aprili, jua liwake au theluji ianguke, lazima magurudumu ya ekseli moja walau, iliyo ya kuvuta gari, yawe na matairi ya baridi, na ndani ya lori iwepo minyororo ya magurudumu mawili. Sababu yake itafahamika kwa kila aliyeitazama barabara ya Brenner kwa muda wa nusu saa. Malori zaidi ya milioni mbili hupita hapo kila mwaka, yakichukua matunda, samani, mashine na nguo kati ya kaskazini na kusini mwa Ulaya. Njia nyingine za milima hiyo ni za juu zaidi. Brenner ni mita 1,370 hivi tu juu ya bahari, ndiyo maana tangu siku za Warumi watu wameipenda. Urahisi wake ndio taabu yake.

Lori moja likishindwa kupanda, halisimami mahali pake kama punda aliyechoka. Magurudumu ya nyuma huzunguka bure, kichwa kikavutwa upande mmoja na tela upande mwingine, mwisho likalala kuikata barabara yote. Nyuma yake husimama mengine mia, na nyuma ya hayo motokaa za watu wenye watoto. Magari ya kufagia theluji, ambayo ndiyo yangewaokoa wote, hayana pa kupita. Theluji inaendelea kuanguka. Lori la pili lililokuwa likipanda vizuri limesimama kwa sababu ya lile la kwanza, na likiisha kusimama mlimani haliwezi kuondoka tena. Chanzo cha yote hayo ni mtu mmoja aliyeona uvivu kuinama na kufunga minyororo, au bwana mmoja mbali huko aliyeona matairi ni ghali.

Ndiyo sababu katika Austria na Ujerumani pana desturi iliyofanywa sheria: magari yakianza kusongamana katika barabara kuu, wale wa mkono wa kushoto hujisogeza kushoto kabisa, na wengine wote kulia, ili pabaki njia wazi katikati. Hakuna anayengoja kusikia king'ora. Austria iliiweka sheria hiyo tangu mwaka 2012. Gari la wagonjwa, polisi na winchi hupita hapo katikati. Mgeni asiyejua hudhani kwamba ile nafasi imeachwa kwa bahati, akaingia. Na hilo ni kosa ambalo hatasahau upesi.

Mji wa Innsbruck uko katikati ya bonde, umezungukwa na milima kila upande. Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilifanyika hapa mwaka 1964 na tena mwaka 1976. Mwaka ule wa 1964 theluji ilikuwa haba, ikawabidi askari wa jeshi waibebe kutoka juu milimani na kuileta mahali pa michezo. Theluji haina mkataba na mtu: ikitakiwa haiji, isipotakiwa inafunga milango.

Na zikija nyingi mno hakuna tairi wala mnyororo unaofaa. Magharibi ya Innsbruck kuna bonde la Paznaun, na mwisho wake kijiji cha Galtür. Mwezi wa Februari 1999 theluji ilianguka kwa siku nyingi mfululizo na barabara ya bonde ikafungwa, wageni wakabaki vijijini bila njia ya kutoka. Tarehe 23 theluji ya mlimani iliporomoka juu ya Galtür na kuwaua watu 31. Kesho yake iliporomoka nyingine katika kitongoji cha Valzur, wakafa 7. Waliobaki walitolewa kwa helikopta. Tangu hapo zimejengwa kuta na vizuizi vingi, na wenye amri hawasiti kufunga barabara. Mtu akikuta kizuizi kimewekwa njiani, na taa nyekundu, asidhani kwamba amezuiliwa kwa sababu ya barabara iliyo mbele ya macho yake, ambayo pengine ni safi. Amezuiliwa kwa sababu ya kile kilichoning'inia juu yake asichokiona.

Kutoka Innsbruck barabara hugeuka kusini na kuanza kupanda. Mara tu huja daraja kubwa linaloitwa Daraja la Ulaya, lililofunguliwa mwaka 1963. Urefu wake kutoka bondeni ni mita 190 hivi. Abiria hutazama chini na kushangaa. Dereva hutazama barabara, maana daraja ni mahali pa hatari kuliko panavyoonekana. Barabara iliyolala juu ya ardhi hupata joto kidogo kutoka chini. Daraja halina ardhi chini yake. Upepo hupita juu na chini, nalo huganda kwanza. Gari laweza kuwa limekuja kilomita kumi juu ya lami iliyolowa tu, likaingia darajani na kukuta barafu nyembamba iliyo wazi kama kioo, rangi ya lami ikionekana ndani yake. Madereva wa huko huiogopa barafu hiyo kuliko theluji. Theluji ni adui mwenye kanzu nyeupe, anaonekana tangu mbali.

Chumvi humwagwa barabarani usiku na mchana ili kuyeyusha barafu. Nayo ina mpaka wake. Baridi ikishuka kiasi cha nyuzi 10 chini ya sufuri chumvi ya kawaida hupungukiwa na nguvu, na barabara iliyotiwa chumvi jioni yaweza kuwa imeganda alfajiri. Na kinyume cha wanavyodhani wengi, barafu mbaya si ile ya baridi kali sana. Barafu iliyo karibu na kuyeyuka, yenye utando wa maji juu yake, ndiyo inayoteleza zaidi. Saa mbili za asubuhi, jua likianza kuonekana na dereva akaona moyo wake umetulia, ndipo pa kujihadhari.

Kadiri barabara inavyopanda ndivyo vibao vya buluu vinavyoonekana, vya mviringo, vyenye picha nyeupe ya gurudumu lililofungwa mnyororo. Mtu akifika hapo hana hiari: afunge minyororo ama arudi. Hapo pembeni huonekana madereva wa kila taifa wamepiga magoti katika theluji, Wapoland, Waturuki, Wahungaria, Waitaliano, wakihangaika na vyuma vilivyo baridi kiasi cha kunata katika ngozi. Aliyejizoeza nyumbani kwake, mahali pakavu, hutumia dakika kumi. Aliyenunua minyororo jana na hajaifungua mfuko wake hutumia saa nzima, na pengine hugundua kwamba kipimo si cha magurudumu yake. Minyororo hufungwa katika magurudumu yanayovuta gari; kwa motokaa nyingi ndogo ni ya mbele, kwa malori ni ya nyuma. Baada ya kwenda mita mia chache hapana budi kusimama na kuikaza upya. Ikiisha kufungwa, mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, na theluji ikikoma ifunguliwe, maana juu ya lami tupu huikwangua barabara na kujikata yenyewe. Matairi yenye misumari midogo ya chuma Ujerumani imeyapiga marufuku kwa sababu hiyo hiyo ya kuharibu barabara. Austria huyaruhusu wakati wa baridi, lakini kwa mwendo uliopunguzwa.

Wenye motokaa zinazovutwa na magurudumu yote manne hupita hapo kwa majivuno kidogo, na huo ndio mtego wao. Gari la namna hiyo huondoka vizuri na kupanda vizuri. Lakini kila gari, liwe la thamani gani, husimama kwa magurudumu manne tu kama mengine yote. Nguvu ya kupanda imemwambia dereva uongo juu ya barabara, naye hatajua mpaka aanze kuteremka.

Juu kabisa, katika kipito chenyewe, hakuna mandhari ya kusifu sana. Kuna kijiji, reli, maduka, na malori yaliyopanga foleni. Mpaka wa Austria na Italia uliwekwa hapa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa mapatano ya mwaka 1919, na kwa hiyo upande wa pili ni Italia ingawa watu wake wengi husema Kijerumani. Vibao vya barabara huandikwa kwa lugha mbili. Sheria ya Italia nayo hutegemea vibao: katika barabara zilizowekewa alama, tangu tarehe 15 Novemba hata 15 Aprili, gari liwe na matairi ya baridi, au lichukue minyororo ndani yake iliyo tayari kutumika. Kuchukua tu kunatosha mbele ya polisi. Mbele ya theluji hakutoshi.

Sasa huanza mteremko. Mkenya aliyewahi kushuka na lori la mzigo kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu hahitaji kufundishwa habari ya gea ya chini. Anaijua kwa masikio. Hapa hufanya vile vile, lakini kwa upole mara mbili. Breki haikanyagwi ghafla, usukani haugeuzwi ghafla, mguu hauondolewi ghafla. Nafasi baina ya gari na gari, ambayo kiangazi ingeonekana ni ya kupoteza bure, haitoshi. Gari likianza kuserereka, macho ya dereva yatazame mahali anapotaka kwenda, wala si mahali anapoogopa kugonga. Mikono hufuata macho.

Kuna hatari moja zaidi ambayo wageni hawaidhanii. Lori lililolala nje usiku huamka na vipande vya barafu juu ya turubai lake, vipana kama mlango. Likishika mwendo, upepo huving'oa na kuvitupa juu ya kioo cha gari la nyuma. Sheria humtaka dereva avitoe kabla hajaondoka, na katika vituo vingine zimejengwa ngazi na majukwaa ya chuma ili aweze kupanda na kufagia. Motokaa ndogo nazo ni vivyo hivyo: paa lote lisafishwe, na vioo vyote, si kitundu cha kuchungulia mbele ya uso wa dereva. Wengi hufanya kile kitundu tu. Baridi huwashinda, na huwa wamechelewa.

Wazoefu huondoka na tangi iliyojaa, blanketi kwa kila abiria, maji, mkate, taa na koleo dogo. Wenye magari ya umeme hufanya hesabu nyingine, kwa sababu baridi hupunguza nguvu za betri, na kilomita zilizoandikwa katika kitabu cha gari ni za siku nyingine.

Baada ya Vipiteno bonde hufunguka. Theluji hubaki juu vileleni, kisha barabarani huonekana mistari miwili myeusi ya lami, kisha lami yote. Karibu na Bolzano, mji ulio mita 260 tu juu ya bahari, kuna mashamba ya tufaha na mizabibu iliyopangwa kwenye vilima. Katika vituo vya kando ya barabara madereva waliotoka kaskazini husimama kunywa kahawa na kuning'iniza glovu zao zikauke. Upande wa pili hupita malori yanayopanda kutoka Verona, vumbi kavu juu ya magurudumu yao. Mengine yana minyororo iliyoning'inizwa nyuma ya kibanda cha dereva, inalia kila gari linaporuka. Mengine hayana, na kutoka hapo hata kwenye kipito ni kilomita 85 hivi.